Jaruba Juu ya Bati

Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na hilo halina mjadala. Tangu najifunza kutembea, mama yake baba ananiita mume wangu, nami namwita mke wangu. Nikichelewa kutoka shule ananiuliza mbele ya watu kama nimepata mwanamke mwingine mwenye meno. Kwa hiyo siku aliposema anarudi Sibwesa, kijijini kwake, niliumia kama mume aliyeachwa, japo nilijifanya nacheka.

Sababu ilikuwa bati. Chumba chake kiko uani, hapa nyumbani Shanwe, Mpanda mjini. Baba alikijenga haraka macho ya bibi yalipoanza kuhitaji kliniki: tofali za kuchoma, bati lenye mteremko mdogo, dari hakuna. Mwezi wa kumi, jua la Mpanda likishaamua, humo ndani ungeweza kukaanga karanga juu ya mto. Bibi alikuwa na kipimo chake, kopo la mafuta ya mgando ya kujipaka. Saa saba mchana alilifungua na kuliinamisha, na mafuta yakatembea kama uji.

"Mnaona? Na mimi ndani yangu kuko hivihivi."

Siku hizo mchana alikuwa halali. Miguu inavimba. Anashinda akihamisha kigoda kufuata kivuli cha ukuta, kama kuku.

"Sibwesa nyumba yangu ni ya nyasi," alimwambia baba. "Shule ikifungwa mwezi wa kumi na mbili, huyu mume wangu anisindikize."

Sibwesa hakukuwa na mtu wa kumwekea dawa ya macho asubuhi na jioni. Kila mtu alijua, yeye wa kwanza. Lakini nani ambishie? Baba alikubali, mambo yakaishia hapo.

Wiki hiyo mwalimu wa jiografia akatufundisha kwamba kuna nchi watu hupanda mimea juu ya mapaa ili nyumba zisipate joto. Mimi mdomo wangu hauna breki.

"Samahani mwalimu, na mbuzi wanapandishwa kwa ngazi au kwa lifti?"

Darasa likalipuka. Adhabu yangu: kurasa tatu juu ya mapaa hayo, nizisome mbele ya wote. Niliandika ukurasa wa kwanza kwa hasira. Wa pili ukaanza kunishika. Mimea inayofaa, vitabu vilisema, ni ile ya majani manene inayotunza maji mwilini na kuvumilia jua, kwa sababu juu ya paa udongo ni kidogo. Yenyewe na udongo wake vinapokea jua kabla halijafika kwenye bati. Nikaliona kopo la mafuta. Ukurasa wa tatu niliuandika kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mimea ya namna hiyo kwetu haitafutwi kwa tochi. Nyuma ya vyoo vya shule kuna mshubiri wa kutosha kutibu wilaya nzima, na pembeni yake ule mmea ambao jani lake ukilitupa chini linaota vitoto kingoni. Nilijaza viroba viwili, nikamwambia baba nataka kulima juu ya chumba cha bibi.

"Paa likianguka," baba alisema, "utalala chini yake wewe." Ila aliongeza mbao na kusimamisha nguzo nne ndani ya chumba. Tukatandaza nailoni nzito juu ya bati, tukapigilia mbao pembeni udongo usiporomoke.

Hapo ndipo bibi alipotia mguu. Amelima mpunga maisha yake yote, na macho yake yakikosea kila kitu, tope hayakosei.

"Huo udongo gani, mwepesi kama unga? Leteni wa bondeni. Na kingo ziko wapi? Nani alikufundisha kulima, mume wangu, redio?"

Kubishana na mwanamke wa mpunga juu ya tope ni sawa na kubishana na padri juu ya misa. Jirani yetu Msukuma, mwenye mkokoteni wa ng'ombe, akatuletea udongo mzito kutoka mabonde ya mpunga ya Mwamkulu. Tukaukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika, nikaupandisha, nikajenga kingo nzuri zisizopitisha tone, likawa jaruba kamili kama la mpunga, nikapanda mimea yangu.

Jirani alisimama mikono kiunoni. "Nyie Wapimbwe, chini mmeshindwa, sasa mnalima juu ya nyumba?"

"Wewe chunga mikia," bibi akamjibu. "Ukisikia njaa utakuja na ngazi."

Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja ilitukuta hivyo. Ilinyesha siku mbili. Jaruba langu lilifanya kazi yake kwa uaminifu: lilitunza maji yote. Mbao zikapinda, nailoni ikachanika kwenye msumari, na nilipoingia nilimkuta bibi amekaa kitandani na beseni kichwani.

"Mume wangu," alisema kwa upole, "ungeniambia tu kama hunitaki. Kulikuwa na haja gani ya kunizamisha?"

Nilicheka, halafu nikapanda juu kutazama. Mshubiri ulioza ukawa kama kamasi. Niliuzoa na tope lake, nikavurumisha vyote nje juu ya kokoto zilizobaki wakati wa ujenzi. Bibi alianza kukunja vitenge vyake.

Zilipita kama wiki mbili. Siku moja akaniita kwenye zile kokoto. Alikuwa ameinama, pua karibu iguse mawe, akipapasa.

"Njoo umuone huyu."

Majani ya ule mmea mwingine, niliyoyatupa pamoja na tope, yalikuwa yameota vitoto, vinene, vya kijani, juu ya mawe makavu.

"Huyu si mpunga," bibi alisema. "Tulimshibisha mpaka tukamuua. Kosa langu." Sijawahi kumsikia akisema neno hilo, kabla wala baada. "Mwambie mchunga mikia alete mchanga. Na pumba za mashineni."

Jirani alileta, akitucheka njia nzima, kisha akapanda juu ya paa mwenyewe kunisaidia. Safari hii nailoni mpya, kokoto ndogo chini, mchanga uliochanganywa na pumba za mpunga juu, tabaka jembamba, na upande wa chini matundu ya kutolea maji. Kingo, hakuna. Tukavipandikiza humo vile vitoto. Mvua ikanyesha, maji yakapita yakaenda zake.

Mimea ilikuwa bado kama chunusi, na nadhani mwanzoni mchanga na pumba ndivyo vilivyofanya kazi kubwa. Lakini mvua ilipopumzika na jua likarudi na kisirani chake, saa saba mchana bibi alifungua kopo. Akaliinamisha. Akaligeuza juu chini kabisa, akalitikisa. Mafuta yakakaa pale pale.

Alilala.

Shule ilipofungwa nilikwenda Sibwesa kama ilivyopangwa, ila peke yangu, nimetumwa kumletea bibi kinu chake, ungo na kuku mmoja mkorofi. Nilirudi mchana wa jua kali, kinu begani, kuku ananidonoa sikio.

"We mume!" jirani akapaza sauti kutoka kwenye mkokoteni. "Mkeo umemwacha wapi?"

Nikaweka kinu mlangoni taratibu na kumwonyesha kidole mdomoni. Ndani, chini ya shamba letu, bibi alikuwa anakoroma.