Siku Mama Alipopindisha Mistari

Harufu ya majani makavu yanayofukiwa kwa udongo wenye unyevu hunirudisha moja kwa moja mlimani kwetu Mbinga, mwezi wa tatu, miguu mitupu, nikiwa na miaka kumi na maswali yasiyokwisha. Lililonisumbua kuliko yote ni hili, nanyi nisaidieni: kwa nini mtu anayejua kazi aiharibu mbele za watu?

Kwanza mjue ngolo. Sisi Wamatengo hulima mashimo kwenye miteremko ili mvua isituhamishie udongo. Mwanaume hufyeka majani na kuyapanga chini kwa mistari inayokatana, yakatokea mapande ya mraba. Mwanamke hufuata na jembe, huchimba katikati ya kila pande, akayafukia majani na kupanda maharage juu ya tuta. Kupanga ni kazi ya mwanaume. Mwanamke akionekana akipanga, mume wake atachekwa mpaka Krismasi.

Kwetu alipanga Mama. Baba alikuwa ameumia mgongo kwa gunia la kahawa, hawezi kuinama. Mama aliamka alfajiri akapanga mistari iliyonyooka kama ya daftari, na jua lilipochomoza alikuwa ameshika jembe kama mke mwingine yeyote. Sisi watoto tulionywa: majani amepanga baba yenu. Tukanyamaza.

Mwaka ule vyama vingi vilikuwa bado vigeni, na watu walikuwa na hamu ya kuchagua chochote. Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo nayo ikachagua mwenyekiti. Wagombea walisimama wakitazama ukuta wa kanisa, waumini wakajipanga nyuma yao. Walipogeuka, mstari wa Mama ulikuwa mrefu kuliko wa Mzee Damiani, aliyeiongoza jumuiya tangu kabla sijazaliwa. Mzee alivaa koti lake la mitumba, lililomfika magotini, akatoka bila kusubiri sala ya kufunga. Haukupita mwezi, karibu wanaume wote wakawa wanasali na jumuiya ya ng'ambo ya kijito.

Mama aliacha kula vizuri. Nilimsikia akimwambia Baba, "Nimechaguliwa kuongoza watu, sasa naongoza nusu. Jumuiya ikifia mikononi mwangu, nitamwambia nini Mungu?"

Ikafika zamu ya shamba la jumuiya, lile lililomlisha katekista na wagonjwa. Mama alitangaza siku. Wakaja wanawake peke yao, na majembe yao na usipa wa kukaanga, dagaa wetu wa ziwani, kwenye vibakuli. Mwanaume wa kufyeka hakuna. Mama akashika nyengo yake ya kufyekea. "Tutapanga wenyewe," akasema.

Mimi nilikaa kwenye jiwe, roho kwatu, nikijua leo watamtambua mama yangu. Jamani, alipanga vibaya! Mstari ulianza vizuri, ukayumba kama mlevi, ukapotelea kwenye kichaka. Pande moja lingelaza ng'ombe, lingine halikumtosha kuku. Nikafungua mdomo niseme. Mama alinitupia jicho moja tu, nikaufunga.

Shamba lile lilikuwa kando ya njia ya sokoni. Jua lilipopanda akapita Mzee Damiani. Akasimama. Akaendelea na safari. Akarudi.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema kwa shida.

"Milele amina. Shikamoo, mzee," Mama akajibu, bado ameinama.

"Marahaba. Mama Skola, hiki ni nini?"

"Ngolo, mzee."

"Ngolo? Mvua moja tu, shamba lote liko Ziwa Nyasa!"

"Ndipo tulipofika, mzee. Anayejua kutuelekeza hayupo."

Mzee akavua koti. Aliifumua mistari yote ya Mama huku akifoka, akaagiza wenzake waitwe waje waone aibu hii. Walikuja kuona aibu, wakajikuta wameshika nyengo. Saa nane mchana kazi ilikuwa imekwisha. Mama alimwomba Mzee Damiani afunge kwa sala, naye akafunga, sala ndefu ajabu. Jumamosi iliyofuata wanaume walirudi kusali nasi.

Njiani nilimuuliza Mama kwa nini. "Beba jembe, twende," akanijibu.

Aliongoza miaka mingi, na miaka yote hiyo alitaniwa kuwa mwenyekiti asiyejua kupanga majani. Alicheka nao. Mimi niliumia kwa niaba yake. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba aliona heri achekwe yeye kuliko jumuiya igawanyike.

Nilidhani nimeelewa yote. Siku ya mazishi yake nilikaa karibu na Mzee Damiani, sasa mkongwe wa fimbo, nikamweleza siri ile ya alfajiri. Nilitaka jina la Mama lisafishwe.

"Mwanangu," alisema, "alfajiri nilikuwa nakwenda kutazama mitego yangu. Njia ilipita juu ya shamba lenu. Mama yako nimemwona akipanga miaka yote. Hata mimi sina mistari kama ile."

"Sasa siku ile kwa nini ulivua koti?"

Alinitazama kama mtoto aliyeuliza la wazi. "Si alikuwa ananiita?"

Nikalia upya. Kumbe pale shambani waliojua maana ya mistari ile iliyopinda walikuwa wawili, na kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi ya kupita.