Chakula cha Nandi Kilipita Kifuani

Harufu ya spiriti ndiyo iliyokuwa harufu ya jioni kwetu Troyeville, mtaa wa Johannesburg. Nyumba za jirani zilinukia vitunguu na nyama ya kuchoma. Kwetu Mama alifuta meza ya chumbani kwa spiriti, akanawa mikono hadi viwikoni, akavaa barakoa, kisha akafunga mlango. Mdogo wangu Nandi alizaliwa na utumbo uliojisokota, madaktari wakaukata karibu wote, kwa hiyo chakula chake kilikuwa maji meupe ndani ya mfuko wa plastiki, yakiingia mshipani kupitia mrija uliotokeza kifuani. Manesi wa hospitali walimfundisha Mama kumlisha nyumbani, wakamwonya kwamba vijidudu vikiingia kwenye mrija ule vinafika moyoni moja kwa moja. Ndiyo maana wakati wa kuunganisha hakuna aliyeruhusiwa kuongea wala kukohoa, nami, mtoto wa miaka tisa, nilichungulia kwenye upenyo wa mlango.

Nilimwonea wivu mkubwa. Nandi alikuwa na friji yake mwenyewe, na umeme ulipokatwa Baba alikimbilia barafu kwa ajili ya mifuko yake, huku maziwa yangu yakiachwa yagande. Mama alinisuka nywele akiongea na simu, lakini alipomhudumia Nandi hakupepesa macho. Baya zaidi, walininyang'anya jina. Mama ni Mtanzania, alimfuata Baba huku Afrika Kusini baada ya Baba kumaliza ukimbizi wake Tanzania, na Watanzania wenzake walimwita Mama Thandi, kwa kuwa Thandi ni mimi, kifungua mimba wake. Nandi alipozaliwa mgonjwa, wageni waliokuja kumjulia hali wakaanza kusema Mama Nandi. Hakuna aliyeniuliza.

Jioni moja ya Julai, baridi ikiwa kali, alikuja Mama Neema, rafiki yake Mama wa kutoka Tanga. Alisubiri sebuleni mpaka Nandi akaunganishwa, maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba, kisha Mama akamwachia kiti kando ya kitanda na kwenda jikoni, kwani mgeni hakuondoka kwetu bila chai ya maziwa na chapati za moto. Haukupita muda Nandi akaanza kutetemeka. Mama Neema akamvutia blanketi hadi shingoni, akaanza kumsugua miguu kwa mafuta ya karafuu.

"Pole mwanangu, baridi ya Joburg haina adabu," alisema. "Na wewe Thandi, usimsumbue mama yako, hajakaa tangu asubuhi."

Mtu mwingine angemwamini. Lakini mimi nilikuwa nimemkodolea Nandi macho kila jioni, nikitafuta anachopewa yeye ninachonyimwa mimi, na nilijua kwamba chakula kikianza kupita yeye hulegea na kusinzia. Jioni ile meno yake yaligongana. Tena Mama alikwisha kutuambia: akitetemeka baada ya kuunganishwa, ni mrija ulioingia vijidudu, si baridi.

"Mama! Nandi anatetemeka na chakula kinapita!"

Mama alikuja mbio, lakini alinawa kwanza. Nilidhani nitapasuka kwa kumsubiri. Akaubana mrija, akamwita Baba awashe gari, wakaondoka na mfuko wenyewe ili ukapimwe. Vijidudu vilikuwa vimekwisha kuingia kwenye damu. Daktari alisema wangengoja hadi asubuhi wangemkosa. Mama alilala hospitali majuma kadhaa, nami nikabaki na Mama Neema, aliyemsimulia kila mtu kwamba binti mkubwa wa Mama Nandi ana macho makali. Hata sifa zangu zilipitia kwa mwenzangu. Nilifurahi kwamba amepona, na nikanuna, yote kwa pamoja.

Leo Nandi ni mtu mzima, anafanya kazi benki, anaishi peke yake na kujiunganisha mwenyewe. Baba ametangulia, na Mama anakaa kwangu. Hatimaye nimempata peke yangu. Kila jioni nampikia wali na samaki, naye anaweka simu kando ya sahani, hagusi hata tonge mpaka Nandi aandike kwamba ameshaunganisha na yuko salama. Siku nyingine Nandi husahau. Basi tunakaa hivyo, Mama akiitazama simu, mimi nikiutazama wali wangu unavyopoa, mpaka nainuka nikiwa nimejaa hasira za kumgombeza. Nampigia. Akipokea tu, hasira zinaniisha, nakaa chini.