Ndevu Nyeusi kwa Ajili ya Mama

Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu, nikingoja zamu yangu kwa kinyozi mjini Mtito Andei, aliketi kitini dereva wa lori mwenye ndevu nyeupe pepe. Aliomba zitiwe weusi.

“Mzee, ni bibi wa pili?” kinyozi akamtania.

“Ni mwaitu, mama yangu, huko Kikima. Siku hizi anasahau. Mara ya mwisho aliona hizi ndevu, akazishika, akaniita jina la marehemu baba, akalia.”

Kinyozi aliacha kucheka. Akainua kopo moja la rangi. “Hii haitaki developa, ile dawa ya kuchanganya ndio rangi ishike. Napaka tu, lakini inatokanga.”

Dereva alitazama viganja vyake. “Akinishika itamchafua mikono. Atashtuka.”

“Basi ni hii ingine. Hii bila developa haishiki, lakini ikishika imeshika. Nitatumia developa isiyo kali, isikuchome.”

Akaichanganya polepole, akapaka kwa brashi, akaketi kando yake akingoja.

Jumatatu iliyofuata nilimkuta dereva kwenye kituo cha mafuta, nikamuuliza habari za mama.

“Alizishika, mikono ikabaki safi. Akaniita jina langu! Halafu akanigombeza mbona sijaoa. Na mimi niko na wajukuu!”

Namshukuru kinyozi yule kwa moyo wote. Na msomaji atakayesema kwamba mama alidanganywa, namwomba kwanza aende akagombezwe na mamake, ikiwa bado anaye.