Jitu la Mwalimu Kimleang

Asubuhi Mwalimu Kimleang huuza tambi za mchele karibu na daraja la chuma hapa mjini Battambang. Alasiri huwafundisha watoto wetu kucheza ngoma. Nyumba yake imesimama juu ya nguzo, na chini yake ameushindilia udongo mpaka umekuwa mgumu kama sinia. Watoto wakitoka shule hufika na vumbi lao, naye huwaosha miguu kwanza kwa kata na ndoo. Ambaye hajala humjua bila kuuliza. "Wewe, njoo unisaidie kumaliza hizi tambi, zitachacha," humwambia, na mtoto hula akidhani anafanya kazi.

Ni watoto wetu sisi wa kando ya mto, wachoma matofali, waokota chupa, na wengine kama mimi ambao waume zetu wamekwenda Thailand kutafuta kibarua. Halipwi kitu. Alhamisi tunapeleka ndizi na ubani kwa ajili ya roho za walimu waliotangulia, basi.

Ngoma alijifunza utotoni katika kambi ya wakimbizi mpakani, baada ya wengi walioijua kuangamia katika miaka ya mauaji. Bibi mmoja aliyesalia alimgeuzageuza kama mtu anayenunua jogoo, akamshika mabega, akatazama nyayo, akasema, "Huyu ni jitu." Kwetu mwili ndio unaochagua. Mwenye shingo ndefu na viungo laini huwa binti mfalme, mwepesi huwa nyani, mpana mwenye mguu mzito huwa jitu, na atabaki jitu mpaka azeeke.

"Nililia sana," aliniambia siku moja tukichambua ua la mgomba. "Nami nilitaka kuwa binti mfalme, nani hataki? Baadaye nikaona, binti mfalme hucheza kama vile ardhi haipo. Jitu ndilo linaloikanyaga. Na mimi pale kambini sikuwa na ardhi, mama Neth."

Neth ni binti yangu. Amechukua mabega ya baba yake. Tangu baba aondoke alikuwa akitembea macho chini, na ukimuuliza jambo anajibu kwa kichwa. Nilimpeleka kwa Kimleang nikiomba moyoni apewe ubinti mfalme. Kimleang alimzunguka, akambonyeza mabega, uso ukamng'aa.

"Jitu! Mtoto wee, ulikuwa umejificha wapi?"

Neth alirudi nyumbani akitembea katikati ya njia. Lakini mama mkwe, ambaye tunaishi naye, aliweka kijiko chini.

"Jitu? Mjukuu wangu? Mtaa utasema tumezaa tembo."

"Ni ngoma tu, Bibi," Neth akasema.

"Ngoma tu! Sasa sikiliza. Siku ya sherehe ya pagoda nitakuwepo. Nikisikia wanakucheka, ngoma imekwisha. Alasiri zako utakaa na mimi tufunge keki za mchele kwenye majani. Umesikia?"

Neth alijibu kwa kichwa. Tangu hapo, nilipokuwa sokoni nilisikiliza vicheko vya watu, nikivipima.

Siku ya sherehe, katika uwanja wa hekalu, kabla ya ngoma, watoto hushonewa nguo mwilini wakiwa wamesimama, ili ziwabane kama ngozi. Kimleang alikuwa akiwafunga nyani vinyago, na mama mkwe akawahi sindano. Nilimwona akivuta uzi, anavuta tena, Neth amezuia pumzi.

"Mama, mwachie nafasi kidogo."

"Nafasi ya nini? Kiuno anacho huyu. Hakijaonyeshwa tu."

Utamwambia nini mama mkwe mbele ya watu?

Marimba zikaanza, matoazi yakafuata. Jitu likatoka na kinyago chake cha kijani, likapanua magoti, likainua rungu. Mshono ukaachia kutoka kwapani hadi kiunoni, tukausikia hata sisi wa nyuma.

"Jitu limeshiba!" alipiga kelele muuza maji ya miwa, na uwanja wote ukacheka.

Uso wa mwanangu sikuuona kwa sababu ya kinyago. Nilitazama miguu. Ilikuwa imara, kisha goti moja likaanza kutetemeka. Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa ameuma midomo.

Kimleang alipanda jukwaani kwa magoti. Akawazungushia wapigaji mkono: rudieni hapo hapo. Kisha akaita, "Bibi! Njoo na sindano. Mshono wako huu, mimi siugusi."

Mama mkwe akavua kandambili, akapanda.

"Usisogee, jitu langu," Kimleang akasema, na kiganja chake akakiweka juu ya lile goti. Likatulia.

Marimba zilizunguka pale pale. Bibi alishona, safari hii polepole.

"Pumua," akamwambia.

"Siwezi, Bibi. Jitu likisimama hivi halipumui."

"Pumua nimesema, nipate kipimo!"

Waliokuwa mbele wakacheka, lakini hicho kilikuwa kicheko cha watu wa nyumba moja. Bibi akakata uzi kwa meno. Kimleang akamshika mkono wakashuka, na Neth akakanyaga. Mbao zikaruka, vumbi likaruka, na muuza miwa akavuta mkokoteni wake nyuma.

Ngoma ilipokwisha Kimleang alikaa kufumua nyuzi. Kinyago kilikuwa kimevuliwa. Neth alikuwa ameloa jasho, akigombana na nyani wawili nani alikosea hatua, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba yake apande gari la mpakani.

"Bibi," Kimleang akasema bila kuinua kichwa, "walicheka. Nilisikia. Kesho aje, asije?"

Nilishika pindo la nguo yangu. Mama mkwe alimtazama mjukuu wake.

"Aje," akasema. "Lakini nguo yake nitaishona mimi. Wewe mwalimu hujui kushona."

Kimleang, ambaye kila vazi lililokuwa pale alilikata na kulishona yeye, aliunganisha viganja mbele ya uso, akainama.

"Sijui, Bibi. Utanifundisha."