Shati la Kanisani la Baba

Harufu ya grisi iliyochanganyika na vumbi la mawe lililolowa: nikiivuta tu, hata nikiwa ndani ya suti, narudi Katangi, niko na miaka tisa na magoti yamepauka. Na suti niko nazo, msinione hivi. Niliacha shule darasa la sita, lakini leo niko na mashine tatu za kuchimba visima, na wenye digrii wananiita mkubwa. Hayo tuyaache. Nataka kuwaambia habari ya shati.

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine hizo hizo, na Yatta nzima hakuna aliyemshinda kusikiliza mwamba. Mashati yake yote ya kazi hayakuwa na mikono. Mwaitu, ndivyo tulivyomwita mama, aliyakata begani siku ile ile yaliponunuliwa, na vipande vikawa vya kushikia sufuria. "Chuma kinachozunguka hakina rafiki," Baba alikuwa akisema. Mimi msemo sikuusikia. Niliwasikia vijana wa darasa letu.

"Mutua, babako ni kuku amenyonyolewa!"

Basi mashine ikaletwa kuchimba kisima pale pale shuleni kwetu. Siku ambayo maji yalitarajiwa, wazazi walialikwa, padri pia. Asubuhi nilifungua sanduku la Mwaitu, nikatoa shati moja lililopona kisu: jeupe, la kanisani, la mikono mirefu. Nikampelekea Baba kule mashineni.

"Hii ni ya Jumapili, Mutua."

"Leo watu wote watakuona."

"Wacha wanione. Kwani mimi ni bwana arusi?"

Nikalia, kile kilio cha kuvuta kamasi mpaka watu wageuke. Baba akatazama huku na huku, akacheka, akalivaa. "Haya, mwana wakwa. Nitakunja." Akakunja mikono mara tatu, ikapita kiwiko. Sijawahi kujivuna vile tena, hata siku niliyonunua mashine ya kwanza.

Saa nne hivi matope yakaanza kuruka, kisha maji. Kina mama wakapiga vigelegele. Shati likalowa, na ule mkunjo wa kulia ukateremka polepole. Baba macho yalikuwa kwa maji. Chuma kikashika kitambaa. Nzioka, mwenzake, alizima injini mbio, lakini mbio za mtu si mbio za mashine. Vigelegele viliendelea kwa muda, kwa wale wa nyuma ambao hawakuwa wameona.

Hospitalini wakamkata mkono chini ya kiwiko.

Mwaitu alisimama kando ya kitanda, lile shati limeviringishwa kwapani. "Nani alikuvalisha hii? Nilikuwa nimeifungia kwa sanduku."

Nilishika chuma cha kitanda. Baba alinitazama kidogo, kisha akatazama dari. "Niliitoa mwenyewe. Nilikuwa nasikia baridi."

"Baridi? Katangi? Jua hili linaloua mbuzi?"

"Baridi ya asubuhi, mama Mutua."

Mimi, mjinga, nikamshukuru Mungu. Niliamini dawa zilikuwa zimemfutia kumbukumbu. Nikatoka nje kucheza na ringi ya gurudumu niliyoikuta uani.

Miaka ikapita. Siku moja, nikiwa mwanamume mzima na mashine yangu, nilikuwa nachimba karibu na Katangi, saa tatu asubuhi, jasho limejaa viatuni. Ndipo likanigonga: hapa hakuna mtu amewahi kusikia baridi. Baba hakuwa amesahau kitu. Alinibebea kosa langu, kwa mkono mmoja, na Mwaitu akaenda kaburini akimlaumu yeye.

Siku hizi kijana nikimwandika, namkata mikono ya shati mwenyewe, kwa makasi, kabla hajagusa mashine.

"Mkubwa, hii ni mtumba safi! Nimeinunua juzi!"

"Simama wima."

Mwaka jana Baba alikuja kunitembelea kazini. Alikaa kwa stuli akinitazama nikikata.

"Mutua, unaharibia watoto wa watu nguo. Kwani unaogopa nini?"

"Baridi, Baba."

Nilifikiri hajanisikia, mashine ilikuwa inanguruma. Kisha akainuka, akaja, akashika ncha ya ile nguo ya kijana kwa mkono wake wa kushoto, akaivuta ikakaza, ili makasi yapite vizuri.