Mnara wa Simu Ulipoanguka

Nilikuwa muuguzi pekee katika zahanati ndogo kati ya Wajir na Bute. Mlipuko ulinikuta nikichemsha chai alfajiri. Nilijilaza sakafuni, kama tunavyojifunza upesi sisi tuliotoka sehemu nyingine za Kenya, nikangojea milio ya risasi za wanamgambo. Haikuja. Kulipopambazuka nilitoka, nikauona mnara wa simu umelalia ua wa miiba, na watu wameinua simu zao juu wakitafuta mawimbi.

Baadaye fundi aliletwa chini ya ulinzi wa polisi. Nilimuuliza kwa nini mnara wa jirani usitusaidie.

"Uko mbali, mawimbi yake hayafiki," alisema. "Huu ulikuwa unapokea kutoka kwa ule na kuwarushia nyinyi. Ule unapokea kutoka Wajir, na Wajir kuna waya uliofukiwa ardhini hadi Garissa na Nairobi. Ni mnyororo. Nyinyi ndio kiungo cha mwisho."

"Utajengwa tena lini?"

"Hilo waulize wakubwa."

Kabla hatujapata wa kumuuliza, mama mmoja muuza maziwa ya ngamia alinijia mbio. Mke wa mwanawe alikuwa mjamzito na alikuwa akivuja damu.

"Sista, piga simu! Ambulansi!"

"Hooyo, simu haishiki." Nilimwita mama kwa Kisomali, kama walivyomwita wote.

Zamani ningemtumia daktari wa Wajir ujumbe, naye angenielekeza hatua kwa hatua. Siku hiyo nilikuwa na dripu, mikono yangu na hofu. Mume aliruka juu ya pikipiki kwenda kilima kilicho mbali, ambako mara nyingine simu hunasa mtandao wa ng'ambo ya mpaka, wa Ethiopia. Nilimlaza mkewe upande wa kushoto, nikamfunika. Kila aliponiuliza kama mtoto anacheza, nilimjibu, "Tulia, dada, vuta pumzi."

Gari la wagonjwa lilifika jua likipinda, likambeba. Yule mjamzito alipona. Mtoto alizaliwa Wajir, hakulia.

Muda si mrefu afisa wa serikali aliitisha baraza uwanjani kwa chifu. Alisema kampuni haitajenga bila ulinzi, na askari hawatoshi. Kijana mmoja mwenye duka akamwambia kila huduma ya serikali sasa iko mtandaoni, hata maoni kuhusu sheria tunaombwa tuyatume mtandaoni. "Sasa sisi tutume na nini?"

Nilitarajia muuza maziwa aunge mkono. Alisimama akanyoosha kidole kwenye shule, karibu kabisa na chuma kilichoanguka.

"Wale watu walikuja kwa sababu ya mnara. Mimi nimezika mjukuu kwa sababu hakuna simu. Kesho mkirudisha pale, nitazika watoto wa shule? Mjenge mbali. Wallahi, mbali."

"Mbali hakuna wa kuulinda," afisa alisema.

Baraza lilichafuka. Mwanawe, mume wa yule mwanamke, alitaka mnara urudishwe palepale, akapaza sauti dhidi ya mama yake mzazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona huko. Nilitaka simu kuliko mtu yeyote pale, lakini nami nilikuwa nikilala karibu na ile shule.

Niliomba zahanati ipewe sahani ya setilaiti, isiyohitaji mnara. Nikaambiwa hapa ni mpakani, lazima ijulikane nani anatumia. Ilipokuja hatimaye, ilifungwa ndani ya kambi ya polisi. Aliyetaka kupiga simu alipanga foleni getini, akatoa kitambulisho, akaeleza anampigia nani. Wanawake wengi hawakwenda kabisa. Mimi nilikwenda, nikimweleza askari ugonjwa wa mtu mbele ya majirani zake.

Yule mwanamke aliyepoteza mtoto alipata mimba tena. Tumbo lilipoanza kuonekana alikuja kuniaga, amebeba godoro na birika. Alikuwa anahamia kwa shangazi yake Wajir mpaka ajifungue.

"Huko simu iko," alisema.

Nilimpima shinikizo la damu, nikamsindikiza hadi kwenye pikapu.