Lizombe Katikati ya Swali

Jamani, ile video mliyotumiana, ya mwanamke anayeanguka na meza ya vitabu pale ukumbini Songea, ni mimi, na kama mlicheka sina kinyongo, maana hata wifi yangu wa Namtumbo aliitazama mpaka simu ikaisha chaji.

Ila hamjui ilianzaje. Mume wangu Osmund ni mwandishi, na wengi hapa mjini wanamwona mchokozi. Mimi ni mcheza ngoma. Yeye akiandika watu wananuna, mimi nikicheza wanatabasamu, ndivyo tulivyoishi. Kitabu chake kipya kinaeleza jinsi wajane wanavyonyang'anywa mashamba na ndugu wa marehemu, na ndugu wenyewe wakajiona humo (hakutaja jina la mtu, lakini mtu anajijua). Siku ya uzinduzi wakaja wamejaa, wamenuna kama wako msibani. Kikundi chetu kikacheza ngoma ya kufungulia, tukakaa.

Baba yake mdogo akasimama. "Osmund, nani alikutuma kuanika mambo ya ukoo wetu?"

Osmund akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena, na kabla hajafungua mdomo mimi nikawakonyeza wapiga ngoma. Basi, hilo tu. Wakapiga, nikaingia katikati na lizombe, ngoma yetu ya huku, kwa nguvu zote (na umri huu, na sketi niliyoifunga harakaharaka), watu wakaanza makofi, nikanogewa, nikazunguka, sketi ikalegea, nikaidaka kwa mkono mmoja, mguu ukakanyaga pindo, nikaenda na meza, vitabu na jagi la maji, nikaishia mapajani kwa baba mdogo, mkwe wangu mzima, nimebaki na kaptura ya mpira ya mwanangu niliyovaa kwa ndani.

"Shikamoo baba," nikasema. Ningesema nini kingine?

"Marahaba, mkamwana," akajibu, kisha kicheko kikamshinda. Watu wakavunjika mbavu, hasira zikaisha, soda zikagawiwa, shughuli ikafungwa hapohapo. Nikajifunga kanga nikijiambia, aibu nimepata, lakini mume wangu nimemwokoa.

Mlangoni mama mmoja mzee, mjane aliyetoka Madaba, akanishika bega.

"Umecheza vizuri, mwanangu. Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono, nimjibu yule mzee. Nilijipanga tangu nyumbani. Haya, nawahi gari."

Akaenda. Hata jina sikumuuliza.

Nyumbani nikamkuta Osmund anaanika vitabu vilivyolowa, kimoja kimoja, uani. Hakunigombeza. "Miaka yote wananisema pembeni," akasema taratibu. "Leo ndiyo mara ya kwanza wameniuliza usoni. Niliogopa, kweli, lakini jibu nilikuwa nalo."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko kaptura. Siku hizi wakimjia juu hadharani nakaa nimekalia mikono yangu, moyo unanidunda kuliko wake, namwacha ajibu, hata akijibu vibaya.